Besi si mpole kuliko asidi: wanafunzi wafundishwe kemia kama ilivyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie jambo moja kuhusu ukurasa wa wanafunzi unaochapishwa na gazeti lako, hususan somo la asidi na besi lililoandaliwa kwa ajili ya watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi na wale wanaoanza sekondari. Somo lenyewe limeandikwa kwa Kiswahili chepesi na michoro yake inasomeka, nami niliyefundisha kemia hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla ya kustaafu naelewa ugumu wa kulieleza jambo hili kwa mtoto ambaye hajawahi kuingia maabara. Hata hivyo, limebeba wazo ambalo nimelikuta pia katika madaftari ya wanafunzi na katika vinywa vya watu wazima, kwamba asidi ni kemikali hatari inayounguza, na besi ni kemikali tulivu ambayo kazi yake ni kupooza ukali wa asidi. Wazo hilo si sahihi, na kwa jinsi jiji letu lilivyo leo linaweza kumpofusha mtoto.

Wazo hilo halikuzuka bure. Asidi, au tindikali kama magazeti yanavyopenda kuiita, watoto wetu huisikia zaidi katika habari za watu waliomwagiwa usoni, ilhali besi huisikia mwalimu anapotaja sabuni, dawa ya kiungulia na magadi soda ya kutia kwenye maandazi. Juu ya hayo, chati ya kipimo cha pH, yaani kipimo cha uasidi na ubesi, inayobandikwa ukutani imepakwa rangi nyekundu upande wa asidi, na rangi ya buluu na zambarau upande wa besi, na mtoto aliyezoea kuiona nyekundu kwenye taa za barabarani hahitaji kuambiwa maana yake. Kumbe rangi hizo ni za mchanganyiko uliobuniwa na watu wa viashiria, yaani dutu zinazobadili rangi zikikutana na asidi au besi, na hazisemi lolote kuhusu usalama. Lau wabunifu hao wangechagua bizari ya manjano kuwa kiashiria chao, nyekundu ingeangukia upande wa besi, na pengine leo tungekuwa tunawatoa watoto hofu ya besi.

Maelezo ya kisayansi yenyewe hayana upendeleo huo. Mwaka 1884 Svante Arrhenius wa Sweden aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Uppsala tasnifu iliyoeleza kwamba baadhi ya dutu zikiyeyuka katika maji hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme, yaani ioni. Wasahihishaji wake hawakuvutiwa sana na kazi hiyo, lakini mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa nadharia hiyohiyo. Kutokana nayo tunasema asidi ni dutu ambayo katika maji hutoa ioni za haidrojeni, na besi ni ile inayotoa ioni za haidroksidi. Mwaka 1923 Johannes Brønsted wa Denmark na Thomas Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, waliupanua ufafanuzi huo: asidi ni kitoaji cha protoni, yaani ileile ioni ya haidrojeni, na besi ni kipokeaji. Mtoto wa darasa la saba hana haja ya kukariri majina hayo, lakini anapaswa kuona kwamba ufafanuzi wote una pande mbili zilizo sawa kwa nguvu, na kwamba hakuna hata mmoja kati ya wataalamu hao aliyesema upande mmoja ni mkali na mwingine ni mpole.

Sasa nije kwenye jambo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Manzese na Gongo la Mboto, utengenezaji wa sabuni umekuwa kazi ya nyumbani. Akina mama na vijana hufundishana katika vikundi vya wajasiriamali, hununua malighafi Kariakoo, hukoroga kwenye ndoo uani na kuuza sabuni ya maji au ya vipande kwa majirani. Ni kazi halali na yenye manufaa, na sina nia ya kumkatisha tamaa yeyote. Lakini sabuni ya kipande haitengenezwi bila kostiki soda, yaani haidroksidi ya sodiamu, ambayo pia hutumika kuzibua mabomba ya sinki, na hiyo ni miongoni mwa besi kali zaidi zinazoweza kumfikia mtoto. Huuzwa ikiwa chenga au magamba meupe ambayo machoni pa mtoto hayana tofauti kubwa na chumvi ya mawe, na ikishayeyushwa huwa kimiminika kisicho na rangi wala harufu, ambacho baadhi ya watu hukihifadhi kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Siki na asidi ya kusafishia vigae humtahadharisha mtu kwa harufu inayokereketa pua, ilhali kostiki soda haimtahadharishi mtu kwa lolote. Mtoto aliyefundishwa kwamba besi ni ndugu wa sabuni na adui wa asidi ataifungua chupa hiyo bila wasiwasi wowote.

Kinachotokea ikigusa mwili kinaeleweka vizuri, na kingekuwa somo zuri kuliko jedwali la tofauti kati ya asidi na besi ambalo wanafunzi wetu hulikariri. Vitabu husema kwamba besi huteleza baina ya vidole. Ni kweli, lakini ni vitabu vichache vinavyoendelea kusema kwamba ikiwa besi ni kali, utelezi huo ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanayogeuzwa kuwa sabuni, kama mafuta ya mawese yanavyogeuzwa ndani ya ndoo ya mjasiriamali. Asidi kali nyingi zinapounguza ngozi hugandisha protini za tabaka la juu, na tabaka hilo lililoganda huizuia asidi kwa kiasi fulani isipenye zaidi, ingawa jeraha lenyewe ni baya. Besi kali hufanya vingine: huyeyusha protini na mafuta kwa pamoja, hivyo haijiwekei kizuizi, bali huendelea kuzama ndani wakati mtu akidhani amekwisha kuifuta. Isitoshe, maumivu ya mwanzo yanaweza kuwa madogo kuliko ya asidi, na kwa sababu hiyo aliyeumia huchelewa kukimbilia maji. Katika jicho jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa besi kali hupenya haraka kwenye utando angavu wa mbele na kufika ndani, na ndiyo maana matabibu huhofia jicho lililoingiwa na kostiki soda au chokaa mbichi ya ujenzi kuliko lililoingiwa na asidi nyingi za kawaida.

Dawa ya kwanza kwa pande zote mbili ni moja, nayo ni maji mengi safi yanayotiririka, mara moja, kwa muda usiopungua dakika 20. Nguo zilizolowa zivuliwe, na kama kilichodondoka ni chenga kavu, zikung'utwe kwanza kabla ya kuosha. Jicho lishikiliwe wazi chini ya maji hayo, kisha mgonjwa apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu kitu kilichounguza umio kikishuka kitauunguza tena kikipanda. Haya yote hayakuwamo katika somo la ukurasa wa wanafunzi, na badala yake palikuwa na sentensi inayosema kwamba besi hutumika kuondoa madhara ya asidi.

Sentensi hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ni kweli kwamba asidi na besi zikikutana kwa vipimo sawa huzimana nguvu na kuacha chumvi na maji: asidi ya haidrokloriki na haidroksidi ya sodiamu, ambazo kila moja peke yake yaweza kumjeruhi mtu vibaya, huishia kuwa chumvi hii ya mezani na maji. Mwanafunzi anayesikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hustaajabu, na ana haki ya kustaajabu. Lakini kukutana huko hutoa joto, na ikiwa vyote viwili ni vikali na vimekolea, joto hilo hutosha kuchemsha mchanganyiko. Anayempaka besi mtu aliyemwagikiwa na asidi ya betri anaongeza kuungua kwa joto juu ya kuungua kwa kemikali, na kwa kuwa hana njia ya kujua kiasi kinachotosha, huenda akaishia kumwachia mgonjwa besi iliyozidi kwenye kidonda. Asidi ya betri ya gari ni asidi ya salfuriki ambayo takriban theluthi moja ya uzito wake ni asidi halisi na sehemu iliyobaki ni maji. Mafundi wa magereji ya Gerezani wanajua kwamba ikimwagika mwilini hukimbiliwa ndoo ya maji, na mtoto wa shule naye angefaa kujua hivyo.

Kosa la aina hiyohiyo limo katika ile hadithi ya nyuki na nyigu, inayorudiwa katika vitabu vya nchi nyingi: eti sumu ya nyuki ni asidi kwa hiyo tupake magadi, na ya nyigu ni besi kwa hiyo tupake siki. Sumu hizo huchomwa chini ya ngozi kwa kiasi kidogo mno, mahali ambapo kitu kinachopakwa juu hakifiki, na maumivu yake husababishwa zaidi na protini na kemikali nyingine kuliko uasidi au ubesi. Isitoshe, sumu ya nyigu inakaribia kuwa katikati. Hadithi hiyo iachwe tu.

Kuna mahali nyumbani ambapo kuchanganya asidi na besi ni hatari kwa sababu nyingine kabisa. Dawa za kung'arishia nguo nyeupe huwa na haipokloriti ya sodiamu iliyowekwa katika hali ya ubesi ili isiharibike, na dawa nyingi za kusugulia vyoo na vigae ni asidi. Anayezimimina pamoja akitumaini usafi maradufu huzalisha gesi ya klorini ndani ya choo kisicho na dirisha, gesi ambayo mwaka 1915 ilitumika kama silaha katika vita kule Ypres, Ubelgiji. Binti wa miaka kumi na miwili anayetumwa kusafisha choo siku ya Jumamosi anahitaji habari hii kuliko fomula yoyote.

Baada ya hayo, naomba nilitazame suala la kipimo cha pH kwa utulivu, kwani hapa ndipo walimu wengi, nasi tukiwamo, tulipita haraka mno. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, ambako kujua uasidi wa mchanganyiko kulikuwa na umuhimu mkubwa. Watoto hufundishwa kwamba kinaanza 0 hadi 14, kwamba 7 ni katikati, na kwamba chini ya hapo ni asidi na juu yake ni besi. Wasichoambiwa ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya ndimu yana pH ya takriban 2 na nyanya zinakaribia au kuzidi kidogo 4. Mwanafunzi aliyezoea hesabu za kawaida atasema ndimu ina uasidi mara mbili ya nyanya, kumbe ioni za haidrojeni katika ndimu ni nyingi kuliko zile za nyanya kwa karibu mara mia moja. Kwa upande wa pili, maji yenye magadi soda yana pH inayozidi 8 kidogo, na lita moja ya maji iliyoyeyushwa ndani yake gramu 40 za kostiki soda hufika 14. Vyote viwili huitwa besi na vyote viwili vimo jikoni, lakini ioni za haidroksidi katika kile cha pili huzidi zile za cha kwanza kwa mara laki kadhaa. Tena namba 14 iko mbali na 7 sawasawa na namba 0, hivyo hata kwa kutazama chati tu, bila kuingia maabara, mtoto angeweza kutambua kwamba ukali uko ncha zote mbili.

Mfano mwingine wa jambo hilohilo uko baharini. Maji ya bahari ni besi hafifu, na kipimo chake cha wastani kwa sasa ni takriban 8.1, kikiwa kimeshuka kutoka karibu 8.2 tangu viwanda vilipoanza kuchoma makaa na mafuta kwa wingi, kwa kuwa sehemu ya kabonidayoksaidi inayotoka kwenye moshi huyeyuka baharini na kutengeneza asidi ya kaboni. Sehemu moja ya kumi inaonekana si kitu, lakini kwa kuwa kipimo kinakwenda kwa mara kumi kumi, mabadiliko hayo maana yake ni kwamba ioni za haidrojeni zimeongezeka kwa kati ya asilimia 25 na 30. Matumbawe na viumbe wenye magamba hujenga miili yao kwa kabonati ya kalsiamu, na kadiri uasidi unavyopanda ndivyo ujenzi huo unavyowawia mgumu. Mtoto aliyeokota kombe ufukweni Kunduchi anaweza kulidondoshea siki na kuona mapovu yakitoka. Mapovu hayo ni kabonidayoksaidi inayoachiliwa na kombe linapoliwa na asidi. Niharakishe kusema kwamba bahari haijageuka kuwa siki, na wala haitafanya hivyo, ila mwelekeo wa mabadiliko ni huo.

Jambo jingine linalochanganywa ni ukali na ukolevu. Asidi kali ni ile ambayo molekuli zake zote, au karibu zote, hugawanyika kuwa ioni zinapoingia majini, na asidi dhaifu ni ile ambayo sehemu ndogo tu hugawanyika. Katika siki ya kawaida ya mezani, yenye asidi ya asetiki kiasi cha asilimia 5, ni chini ya molekuli moja katika kila mia iliyogawanyika wakati wowote ule. Ukolevu ni habari nyingine: ni kiasi gani cha asidi kimetiwa ndani ya maji. Ndiyo maana tumboni mwetu mna asidi ya haidrokloriki, ambayo ni asidi kali, kwa kipimo cha pH kati ya 1.5 na 3.5, nasi tunakula na kulala salama, kwa kuwa imechujuka na ukuta wa tumbo una ute wa kujikinga. Asidi ya asetiki, ambayo ni dhaifu, ikiwa tupu bila maji hubabua ngozi. Kwa hiyo anayeuliza kama kitu ni hatari hana budi kuuliza maswali kadhaa kwa pamoja: kina ukali gani, kimekolea kiasi gani, ni kingi kiasi gani, na kimeangukia wapi. Kuuliza tu kama ni asidi au besi hakumsaidii.

Pengine wasomaji watasema nadai mengi kwa shule zisizo na maabara. Siafiki, kwa sababu somo hili ni miongoni mwa machache yanayoweza kufundishwa kwa vitu vya sokoni. Kina mama wa Dar es Salaam wote wanajua kwamba doa la mchuzi wenye bizari kwenye kitambaa cheupe hugeuka kuwa jekundu linapopakwa sabuni, na watoto wao wameliona, ila hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa wakitazama kiashiria kikifanya kazi. Bizari ya manjano ikilowekwa kwenye spiriti kidogo, karatasi nyeupe ikachovywa humo na kukaushwa kivulini, hupatikana karatasi za kupimia ambazo hubaki za njano kwenye ndimu na kwenye maji, lakini hugeuka kuwa nyekundu yenye kahawia zikiguswa na maji ya sabuni, ya majivu au ya magadi. Ukidondoshea ndimu juu ya wekundu huo, unjano unarudi. Udhaifu wa bizari ni kwamba haiwezi kutofautisha maji na asidi, na hapo tutaomba msaada wa rosela, ile inayouzwa kila mahali kwa ajili ya juisi: maji yake ni mekundu kwenye asidi, na ukiyatia magadi kidogo kidogo huelekea zambarau, kisha buluu au kijani. Robert Boyle wa Uingereza alieleza mabadiliko ya namna hiyo katika rangi za maua mwaka 1664, na karatasi za litimasi tunazoagiza kutoka nje, ambazo rangi yake asilia hutokana na viumbe vidogo vinavyoota juu ya mawe na magome ya miti, hufanya kazi hiyohiyo.

Jikoni kuna mengi zaidi. Anayekamulia ndimu samaki aliyetoka soko la Feri hafuati ladha peke yake: harufu ya samaki hutokana na amini, ambazo ni besi zinazoruka hewani kwa urahisi, na asidi ya ndimu huzigeuza kuwa chumvi zisizoruka. Maharage yaliyotiwa nyanya au ukwaju mapema huchelewa kuiva, kwa sababu asidi huimarisha kile kinachoshikilia maganda yake, na yaliyotiwa magadi huiva upesi kwa sababu besi hukilegeza, ingawa magadi hayohayo huharibu sehemu ya vitamini B1, jambo ambalo wapishi wa makande hawapendi kulisikia. Sabuni ya maji inayokorogwa uani nayo ni somo kamili, kwani asidi ya salfoniki, ambayo ni kali, huzimwa kwa magadi ya viwandani, na povu linalofura wakati wa kukoroga ni kabonidayoksaidi. Mtengenezaji asiyepima huwauzia majirani sabuni inayobabua mikono kwa besi iliyozidi, au kwa asidi iliyobaki. Mwanafunzi mwenye karatasi ya bizari angeweza kumsaidia mama yake kuitambua ile iliyozidi besi.

Na kama tunataka mfano wa besi uliotukuka wa kwetu wenyewe, uko Ziwa Natron huko kaskazini mwa nchi, ambalo limejaa kabonati za sodiamu kiasi kwamba pH ya maji yake huweza kuzidi 10. Karibu yake unasimama mlima Oldoinyo Lengai, volkano ya ajabu ambayo lava yake ina wingi wa kabonati za sodiamu. Maji hayo humchubua binadamu, lakini heroe wadogo huzaliana hapo kwa maelfu, wakila mwani unaostawi katika ubesi huo, na ukali wa mazingira huwazuia wanyama wengi wanaowinda vifaranga. Picha ya ziwa hilo ingefaa sana katika ukurasa wa wanafunzi, mahali pa ule mchoro wa chupa za maabara za Ulaya.

Nigusie kwa ufupi biashara ya maji yanayoitwa ya alkali, ambayo nayo imejengwa juu ya imani hiyohiyo kwamba ubesi ni uzima na uasidi ni ugonjwa. Maji hayo yakifika tumboni hukutana na asidi niliyoitaja, na ubesi wao hafifu huishia hapo. Chakula kikitoka tumboni, kongosho hutia bikabonati yake lenyewe, ambayo ni besi. Damu hudumishwa na mapafu na figo kati ya 7.35 na 7.45, na mtu ambaye damu yake imetoka nje ya mipaka hiyo anahitaji daktari, wala si chupa ya maji ya bei ghali. Vilevile wanaosema ndimu hugeuka kuwa alkali mwilini wakumbuke meno, ambayo tabaka lake la juu huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya takriban 5.5, kabla ndimu haijapata nafasi ya kugeuka kitu chochote.

Ninachoomba, Ndugu Mhariri, ni mambo machache. Somo hilo lirudiwe likiwa limesahihishwa, na sentensi inayoiita besi kemikali tulivu iondolewe. Maelekezo ya huduma ya kwanza yachapishwe kwa herufi kubwa ndani ya kisanduku ambacho mwanafunzi anaweza kukikata na kukibandika nyumbani, hasa kwenye nyumba inayotengenezwa sabuni. Kisanduku hicho kiseme pia kwamba kostiki soda hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, kwa kuwa maji yakimiminwa juu yake hurusha matone ya moto usoni, na kwamba isiwekwe kwenye sufuria ya aluminiamu, ambayo huliwa na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Nawaomba pia wauzaji wa malighafi wa Kariakoo wasiwapimie wateja kostiki soda katika mifuko isiyo na maandishi, na walimu wenzangu walio kazini wahakikishe kwamba kabla hawajafungua chupa yoyote mbele ya darasa, ndoo ya maji safi imeshajazwa na iko pembeni.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tabata, Dar es Salaam